Auzaye Chombo Atupe na Rubani

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kazi ya rubani. Jahazi laweza kuwa jipya, mbao zake za msaji, tanga lake halina kiraka, na nahodha wake ameijua bahari tangu utotoni. Lakini likifika kwenye mlango wa bandari ngeni, penye miamba na mafungu, hutakiwa mtu aijuaye njia ile apande chomboni na kuliongoza mpaka gatini. Hata leo meli kubwa ziingiazo Kilindini hupandiwa na rubani. Pasipo yeye shehena yote hubaki baharini, yaonekana kwa macho lakini haishikiki.

Tumeanza na mfano huo kwa kuwa leo twataka kuzungumza habari ya kompyuta, na twajua wako wasomaji watakaouliza: kompyuta na ukurasa wa utamaduni wapi na wapi? Jawabu letu ni kuwa masomo ya watoto wetu, lugha yetu na maandishi yetu siku hizi hupita ndani ya mashine hizo. Kwa hivyo mapatano baina ya anayezitengeneza na anayezinunua si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la mila zetu za biashara na elimu, nasi tunayo haki ya kulisemea.

Ndani ya kompyuta mna vifaa vingi, na vingine huunganishwa kwa nje: kadi ya waifai, kadi ya picha, kamera, kifaa cha sauti, printa. Kila kimoja kina namna yake ya kuamrishwa. Programu ndogo ijuayo namna hiyo, inayosimama kati ya kifaa na kompyuta, ndiyo mafundi waiitayo draiva. Huyo ndiye rubani wetu. Kifaa kikiwa kizima lakini hakina draiva, ni sawa na meli iliyotia nanga nje ya bandari.

Kisa cha madrasa

Mwishoni mwa mwaka 2025 madrasa moja mtaani kwetu Mombasa ilipewa sadaka ya kompyuta nane zilizokwisha tumika maofisini. Zote zilikuwa na Windows 10. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea programu hiyo matengenezo yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 iliyoifuata haikubali kuwekwa kwenye kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Basi kamati ikaona imepewa zawadi ambayo siku zake zimehesabiwa.

Kijana mmoja, aliyesoma hapo hapo utotoni, akajitolea kuzitia Linux, ambayo hailipiwi na huenda vizuri kwenye mashine kuukuu. Kompyuta sita zikawaka na kufanya kazi zote. Mbili zikawaka lakini hazikuiona waifai kabisa. Na printa ya ofisini, ambayo juzi tu ilikuwa ikitoa karatasi za mitihani, ikawa bubu.

"Mwanangu, umeziharibu?" maalim akauliza.

"La, maalim. Ni nzima. Aliyekitengeneza kile kifaa cha waifai hakuwatolea watu wa Linux draiva, wala hakueleza jinsi kinavyofanya kazi ili wengine waiandike."

Maalim akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya: "Na sisi twaweza kumwambia nini mtu huyo, hata asikie?"

Kisima kisichofungwa

Kabla ya kumjibu maalim yafaa tueleze Linux ni kitu gani. Ni ile programu-mama inayoamka kwanza kompyuta iwashwapo na kuzisimamia nyingine zote. Kiini chake kilitangazwa Agosti 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni iitwayo GPL, ambayo yampa kila mtu ruhusa ya kukitumia, kukisoma, kukirekebisha, kukigawa na hata kukiuza. Kwa sharti kuwa ampaye mwenzake programu hiyo, ampe na maandishi yake ya asili, asiyafiche.

Msomaji Mwislamu hatapata tabu kulielewa jambo hili. Lafanana na kisima cha wakfu. Mwenye kukichimba ameweka masharti, na masharti yake hufuatwa hata baada yake: chota, nyweshelea, peleka mitungi kwako, lakini usikijengee ukuta ukakifanya chako peke yako. Hatusemi kuwa Linux ni wakfu wa kisheria, kwani hilo ni la masheikh. Twasema mfano wake ndio huo.

Na chanzo cha leseni hiyo, ajabu ya Mungu, ni printa. Karibu na mwaka 1980 Richard Stallman alikuwa fundi wa programu kwenye maabara ya chuo cha MIT, Marekani. Maabara ililetewa printa mpya ya Xerox, na karatasi zilikuwa zikikwama ndani yake bila ya watu waliokaa mbali kujua. Printa yao ya zamani aliiandikia maelezo ya kuwaarifu watu karatasi zinapokwama. Hii mpya hakuweza, kwani maandishi ya programu yake hayakutolewa. Akamwendea mtu mmoja wa chuo kingine aliyekuwa nayo, akamwomba. Mtu yule akakataa, kwa kuwa alikwisha ahidi kutompa mtu. Stallman hakulisahau jambo lile. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU wa kuandika programu huru, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Basi malalamiko ya madrasa yetu si mapya. Ni malalamiko yale yale yaliyoanzisha mambo yote haya.

Hoja za watengenezaji

Haki ni kumsikiliza na mwenzako. Watengenezaji wa vifaa wana hoja, nazo kubwa ni tatu.

Ya kwanza, wasema watumiaji wa Linux ni wachache. Kwenye kompyuta za mezani ni kweli, ni asilimia chache tu. Lakini simu za Android zilizo mikononi mwa watu wetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, hutumia kiini cha Linux. Na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya zile zenye kasi kupita zote duniani hutumia Linux. Watumiaji basi ni wengi. Wachache ni wale wanaosema wanapokwenda dukani.

Ya pili, wasema wana siri za kazi. Siri ya fundi twaiheshimu. Fundi wa majahazi wa Lamu hakuwa akimweleza kila mpita njia namna alivyokata taruma zake. Lakini hakuna anayetaka michoro ya kiwanda. Kinachotakiwa ni maelezo ya jinsi ya kukiamrisha kifaa alichokwisha kukiuza na fedha yake akaitia mfukoni. Wako wasemao pia kuwa serikali huwabana kwa sababu waifai hutumia mawimbi ya redio. Walakini kampuni ya Intel, iliyo chini ya sheria hizo hizo, imekuwa ikitoa draiva za waifai za Linux tangu mwaka 2004.

Ya tatu, wasema ni gharama. Hoja hii ilijibiwa Januari 2007 na Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa kiini cha Linux. Alitangaza hadharani kuwa kampuni yoyote itakayo, itaandikiwa draiva bure. Itoe tu maelezo ya kifaa, au mhandisi wa kujibu maswali. Hata kampuni itakayo kwanza mkataba wa kutunza siri, mkataba utatiwa sahihi. Anayeambiwa njoo ujengewe nyumba bure, naye akasema ujenzi ni ghali, hoja yake imepungua uzito.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Kuna draiva za namna mbili. Moja ni ile ambayo kampuni huitoa ikiwa imefungwa, haisomeki. Hiyo ni rubani wa kukodi: siku kampuni itakapochoka na kifaa chake cha zamani, rubani huondoka, na kiini cha Linux kikibadilika kifaa kile hufa. Ya pili ni ile iliyo wazi na kupokewa ndani ya kiini chenyewe. Hiyo ni ramani ya mlango wa bandari, kila ajaye aweza kuisoma na kuisahihisha, na huendelea kutunzwa miaka mingi baada ya kifaa kuacha kuuzwa. Kwa watu kama sisi, ambao mara nyingi kompyuta hutufikia zikiwa zimekwisha tumiwa na wengine, tofauti hii ndiyo tofauti ya mashine na taka.

Waliobadilika

Wala tusidhani kuwa makampuni hayabadiliki. Mwaka 2007 kampuni ya AMD, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeinunua ATI ya kadi za picha, ilitangaza kuwa itatoa maelezo ya kadi hizo ili draiva zilizo wazi ziandikwe. Mwaka huo huo Dell iliwauliza wateja wake wataka nini. Watu wengi wakajibu kwa sauti moja kuwa wataka kompyuta zenye Linux, na kufikia Mei Dell ilikuwa ikiuza nchini Marekani kompyuta zenye Ubuntu ndani yake. Septemba 2010 Broadcom, ambayo vifaa vyake vya waifai viliwatesa watu wa Linux kwa miaka, ikatoa draiva iliyo wazi. HP nayo imekuwa ikitoa kwa miaka mingi programu iitwayo HPLIP, inayoziwezesha printa zake nyingi kufanya kazi kwenye Linux. Na tangu 2015 iko huduma iitwayo LVFS, ambapo makampuni kama Dell na Lenovo hupeleka marekebisho ya vifaa vyao yawafikie watumiaji wa Linux moja kwa moja.

Kisa cha Nvidia chafaa kutazamwa peke yake. Juni 2012, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Aalto huko Ufini, Linus Torvalds aliulizwa habari ya kampuni hiyo. Akageukia kamera, akainua kidole cha matusi na kutamka neno ambalo ukurasa huu hautalichapisha. Ukumbi ukacheka, picha ikaenea dunia nzima, na vijana wengi mpaka leo huirudia kama ushujaa. Lakini hebu tuhesabu. Ni mpaka Mei 2022, miaka kumi baadaye, ndipo Nvidia ilipoyatoa wazi maandishi ya sehemu ya draiva yake inayokaa ndani ya kiini, na hata hapo sehemu nyingine zikabaki zimefungwa. Kati ya miaka hiyo kadi zake zilikuwa zimeingia kwa wingi katika vyumba vya kompyuta za hesabu nzito, ambavyo hutumia Linux, na wenye vyumba hivyo hununua kwa maelfu. Mteja wa namna hiyo hana haja ya kutukana.

Hatukusudii kumsimanga Torvalds, ambaye mwaka 2018 mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa ukali wa ulimi wake na akapumzika kazini kwa muda. Twasema tu kuwa wahenga wetu walikwisha liona hili: biashara haigombi. Na heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Jawabu la maalim

Basi twaweza kumwambia nini mtengenezaji, hata asikie? Kwanza tumwambie kabla ya fedha kutoka mkononi. Mwenye kununua laptopu au printa na amwulize mwenye duka: hii yafanya kazi na Linux? Akisema hajui, asikasirike naye, kwani huenda hajapata kuulizwa. Akiulizwa na watu kumi kwa mwezi, atamwuliza anayemletea mali, naye atamwuliza kampuni. Swali hupanda ngazi kama vile bei inavyoteremka ngazi.

Pili, tujaribu kabla ya kununua. Linux huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila ya kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Muungwana na abebe flashi yake, aombe ruhusa, aiwashe mashine pale pale dukani, aiangalie waifai, sauti na kamera. Dakika kumi zatosha. Kwa printa, ile inayotangazwa kukubali AirPrint kwa kawaida hufanya kazi na Linux bila ya draiva ya peke yake, kwa kuwa hufuata kanuni ya pamoja.

Tatu, tuandike barua, na barua yenyewe iwe ya kiungwana. Itaje jina la kifaa na namba ya chipu yake, ieleze kazi inayofanywa nacho, itaje vingapi vimenunuliwa na vingapi vyatarajiwa kununuliwa, kisha iombe jambo moja lililo wazi: kampuni itoe maelezo ya kifaa, au ipeleke draiva iliyo wazi kwenye kiini cha Linux. Barua isemayo "vifaa vyenu vibovu" hutupwa. Barua isemayo "twataka kununua vingine ishirini, twakwazwa na jambo hili" hupelekwa kwa mkubwa. Na kampuni ikifanya wema ishukuriwe kwa barua pia, na fedha zetu ziifuate. Asante ya punda isiwe ndiyo asante yetu.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, taasisi ziseme pamoja. Mnunuzi mmoja ni tone. Skuli, madrasa, hospitali na serikali za kaunti ni mvua. Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008, na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zao hutumia Linux. Anayetaka kuwauzia kifaa hana budi kihakikishwe kuwa chafanya kazi. Karibu zaidi nasi ni jimbo la Kerala, India, kwenye ile pwani ya Malabar iliyofanya biashara na pwani yetu tangu zama za majahazi. Huko mradi wa kompyuta za skuli ulianza mwaka 2001, na skuli za serikali zikaja kufundisha kwa programu huru. Mstari mmoja katika zabuni, usemao kuwa kila kifaa kifanye kazi na Linux bila ya gharama nyingine, wafanya kazi ya barua elfu.

Tano, vijana wetu wasiwe watu wa kuchota tu. Anayejua, na aripoti kasoro vizuri, ajaribu marekebisho, afasiri maelezo kwa Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Waliweza kwa kuwa maandishi yake yalikuwa wazi. Lugha yetu haikungoja kampuni iihurumie.

Aibu ya bidhaa

Tumalizie pale ambapo Mwislamu huanzia. Yajulikana kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya chungu la nafaka na vidole vyake vikapata unyevu. Muuzaji akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, na akaonya vikali juu ya udanganyifu. Fiqhi yetu imelijengea jambo hili mlango mzima, kuwa aibu ya bidhaa hubainishwa kabla ya kuuzwa, na aliyefichwa ana hiari ya kurudisha.

Hatudai kuwa kila kifaa kisicho na draiva ya Linux ni udanganyifu. Mtengenezaji hakuahidi. Lakini sanduku linaloandika nje kila sifa ya kifaa, na likanyamaza juu ya wapi hakitafanya kazi, limeiweka nafaka kavu juu. La uchache ambalo twamwomba mtengenezaji ni aandike wazi: chafanya kazi na Linux, au hakifanyi. Hilo halimgharimu hata senti, na mnunuzi atakuwa ameingia kwa hiari yake.

Ama ile madrasa, kamati ilikwenda dukani na maswali yake. Wakapata vifaa viwili vidogo vya waifai vya kuchomeka, ambavyo draiva yake imo ndani ya kiini, wakavijaribu kwanza kwa flashi ndipo wakalipa. Kompyuta zote nane sasa zafanya kazi. Printa bado ni bubu, na barua kwa mtengenezaji wake imeandikwa, ina sahihi ya maalim na wajumbe watano. Yataja namba ya kifaa, yaomba jambo moja, na haina neno la kuudhi.

Twawaomba wenye madrasa na skuli nyingine za pwani waandike zao. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Barua moja yaweza kusahauliwa mezani. Barua mia kutoka Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale, zote za adabu na zote zaomba jambo moja, haziwezi kuitwa watu wachache. Inshallah siku moja kijana wetu atafungua sanduku la printa mpya, aichomeke, itoe karatasi, na asijue kuwa zamani jambo hilo lilikuwa taabu.